Gunia la Jogoo Mwekundu

"Fuso ya kijani, barabara ya Tchomia. Usiipoteze." Sauti ya Viviane, mkuu wake, ilikwaruza kwenye redio ya Motorola.

"Naiona."

Mpelelezi Kule aliiongezea moto pikipiki yake ya TVS. Vumbi la njiani alilizoea. Lililomtisha lilikuwa ndani ya lori, chini ya samaki wakavu: magunia ya asbesto ghafi, iliyoibwa kwenye kiwanda kilichofungwa ng'ambo ya ziwa.

Asbesto haishiki moto. Ndiyo maana Tharcisse, mfanyabiashara wa mtaa wa Mudzipela, aliisaga kwa siri atengeneze breki za magari na vigae vya paa. Lakini nyuzi zake zikiingia mapafuni hazitoki. Mtu huishi miaka mingi hajui kitu, kisha pumzi zinamwishia.

Za mwizi arobaini. Tharcisse aliamuru magunia matupu yachomwe, lakini mjini Bunia nani achome gunia zima? Vibarua waliyauza sokoni. Kule aliliona moja, lenye jogoo mwekundu, chapa ya kiwanda kile, kwa muuza unga mmoja.

Muuza unga huyo alikuwa mama yake Kule, Madeleine.

Gunia hilo ndilo lililowafikisha kwa Tharcisse, na amri ya Viviane ilikuwa fupi: asiambiwe mtu mpaka lori likamatwe. Alinyamaza. Kila asubuhi alimpita mama akikung'uta magunia, na Kule akazidi kufa ganzi moyoni.

Fuso ilisimama mbele ya depo, ghala la Tharcisse jirani na soko. Tharcisse alipomwona Kule alirukia juu ya mzigo, kisu mkononi.

"Ukikaribia, nakata yote! Batu yote ya hapa watavuta hii vumbi!"

Akapangua samaki, akalipasua gunia la kwanza. Vumbi jeupe la asbesto likaanza kupeperuka kuelekea sokoni.

Kule alirudisha bastola yake ya Makarov kiunoni; risasi haizuii vumbi. Akavaa barakoa, akajitwika pampu ya kupulizia nyanya dawa, aliyokuja nayo kwenye pikipiki ikiwa imejaa maji ya sabuni.

Akapuliza.

Vumbi likawa uji. Tharcisse akateleza ndani yake, akaanguka kifudifudi. Pingu zikalia.

"Nani aliniuza kwenu?"

"Gunia yako."

Redio ikakwaruza. "Kazi muzuri, Kule. Unasikia?"

"Nasikia."

Alipaswa kufurahi. Hakuhisi kitu.

Alitembea hadi sokoni, pampu ingali mgongoni. Madeleine alikuwa akipiga gunia kwenye nguzo, kope zake nyeupe kwa vumbi.

"Sogea, mutoto yangu, utachafuka."

"Acha, mama." Akalilowesha gunia, kisha mengine yote. "Mule mulikuwa sumu. Inaharibu mapafu."

"Sumu? Gunia yangu hizi? Ziko nguvu, hazipasuke!" Kisha akamtazama vizuri, na mikono yake ikashuka. "Weye ulijua toka lini?"

Lori lilikuwa limekamatwa. Sasa aliruhusiwa kujibu.

"Toka Pasaka."

Madeleine alijifuta uso kwa kitenge, polepole.

"Na kila asubuhi ulikuwa unanipita hapa. Unanisalimia."

"Ndiyo, mama."

Kule alikunja magunia yaliyolowa, akayafunga nyuma ya pikipiki. Akavaa miwani yake ya jua na kuondoka bila haraka.

Nyuma yake mama alikohoa mara moja. Kule hakugeuka.