Mstari wa Mwisho wa Faili

Kila Ijumaa akitoka shule, Bosi alipitia hospitalini kwa babu yake, fundi wa mtandao wa kompyuta pale. Jina hilo alipewa na babu mwenyewe, maana binti huyu alianza kuamrisha watu hata meno hajaota. Katika chumba kidogo cha babu kilichojaa nyaya, walikuwa na kazi yao wawili. Babu alituma nakala ya mipangilio ya kila kifaa cha mtandao kwenye seva, kompyuta ya kuhifadhia faili, iliyokuwa katika jengo jingine, ng'ambo ya mji, ili kifaa kikiharibika, kipya kipewe mipangilio ileile upesi. Bosi alifungua kila nakala iliyofika na kumsomea mstari wa mwisho kuhakikisha imefika nzima, kwa kuwa macho ya babu yalikwisha kuanza kugoma.

Ijumaa moja wenzake walimsubiri getini na mpira. Aliona majina ya faili yamejipanga kwenye kioo, akasema, "Zote zimefika, babu."

"Una hakika, bosi wangu?"

"Hakika." Huyo, akatoka mbio.

Jumatatu alipopita kusalimia, alimkuta babu kalowa jasho. Swichi ya wodi ya watoto, kifaa kinachoziunganisha kompyuta za wodi na mtandao, ilikuwa imeungua. Alikwisha kufunga mpya, lakini nakala ya mipangilio yake ilikuwa tupu.

"Fundi, majibu ya maabara hayafiki wodini, na daktari anayangoja," muuguzi alisema mlangoni.

"Yule kijana anayetunza seva kule ng'ambo ameifuta," babu alinung'unika, akichukua simu. "Leo atanitambua."

Bosi aliushika mkono wenye simu. "Usimpigie, babu. Ijumaa sikuifungua. Niliona jina tu."

Babu akaiweka simu chini. Hakufoka. "Kumbe ilikatika njiani. Haya, fungua ya wiki iliyotangulia."

Bosi aliisoma mpaka mwisho. Ilikuwa nzima. Babu akaipakia, akaongeza mabadiliko machache ya wiki ile, na muda si mrefu muuguzi akarudi akitabasamu: majibu yamefika.

Babu alimvuta mjukuu wake karibu. "Jina la faili ni bahasha tu, mama. Barua iko ndani. Ukiwa na haraka, niambie, nitavaa miwani nisome mwenyewe. Lakini usiniambie umeona usichokiona. Leo ukweli wako umemwokoa kijana wa watu na maneno yangu, na mimi na aibu."

Ijumaa iliyofuata, babu alikwisha kuzima feni na kushika mkoba. "Twende zetu, bosi."

"Kaa kwanza, babu," alisema Bosi, kidole chake kikiteremka kwenye kioo. "Sijaufikia mstari wa mwisho."

Babu akakaa.