Kila Jiwe Lina Mwenyewe

Kila Jumamosi Mwelu alifua sare zake upesi, akavaa gambuti na kumngojea shangazi yake mlangoni. Majirani wao wa Kitengela walizoea kuwatania, "Leo tena mnaenda kutafuta nyoka? Kwani mmekosa kazi?" Shangazi Nthenya, aliyeshinda kwenye cherehani siku nyingine zote, alicheka tu. Raha yake ilikuwa kuwatazama nyoka wa porini wasioonekana ovyo. Kwa miaka mitatu alikuwa amemtafuta chatu mdogo wa mchangani bila mafanikio, na Mwelu alitaka kwa udi na uvumba awe yeye atakayemwonyesha.

Jumamosi moja walikwenda karibu na Mashuuru, kwenye malisho ya Koko Nasieku, bibi mzee wa Kimaasai. Mwelu aliinamisha kichwa, na bibi huyo akamgusa utosini kumsalimu.

"Tafuteni tu," Koko alisema. "Lakini mawe mniachie vile mmeyakuta. Huko chini kuna wenyewe."

Shangazi alinyanyua kila jiwe kwa fimbo yenye ndoano, akilivuta upande wake ili limkinge na nyoka, kisha akalirudisha taratibu. Mwelu naye alikuwa na fimbo yake, lakini haraka ilimzidi. Alipindua jiwe, akachungulia mara moja, akakimbilia jingine.

"Mwelu, unarudisha hayo mawe?"

"Ndiyo, anti! Yote!"

Walipoketi kunywa chai, Mwelu aliona mayai mawili ya mjusi mahali alipopindua jiwe. Yalikuwa meupe, madogo kama maharagwe, na jua lilikuwa likiyachoma. Alihisi vibaya sana, akaweka kikombe chini.

"Anti, nimekudanganya. Sijarudisha hata moja."

Shangazi aliyatazama mayai yale, kisha akaokota fimbo yake. Mwelu aliona heri angegombezwa.

"Basi turudi," Shangazi alisema. "Na kabla hujaweka jiwe, angalia vizuri usije ukaponda mtu."

Walianza na lile la mayai, kisha wakarudisha mengine moja moja huku jua likizidi kuwaka. Kwenye jiwe la mwisho, Mwelu alisimama kando, akautazama mchanga. Mchanga nao ukamtazama. Aliona macho mawili madogo, kisha kichwa, kisha mwili mnene wa rangi ya chungwa wenye mabaka meusi ukijitokeza kimyakimya.

"Anti..." Mwelu alinyoosha kidole.

Shangazi alipiga magoti, machozi yakimlengalenga. "Ni yeye! Mungu wangu, ni yeye!"

Hawakumgusa. Walimtazama magamba yakimeta, wakasahau jua, wakasahau hata chai yao. Mwelu hakuwahi kuona kitu kizuri namna hiyo. Kisha Shangazi aliliweka jiwe polepole kando ya chatu, naye akajipenyeza chini yake akatoweka.

"Nilimpita, anti. Nilikuwa hapa hapa."

"Haraka ndiyo ilikufanya umpite," Shangazi alisema, akimshika bega. "Na ungeendelea kudanganya, angekauka juani na hakuna mtu angejua. Umesema ukweli hata kama uliona aibu, na hiyo ndiyo imemwokoa. Leo umenifurahisha kuliko huyu nyoka, na huyu nimemtafuta sana."

Jioni, Koko aliwangojea langoni. "Haya, mmepata nini huko?"

Mwelu alitabasamu. "Tumemwona mwenyewe, Koko. Tumemwacha nyumbani kwake."