Jino Moja la Nyangumi

"Lakini umejiondoa mwenyewe, Titilia. Ujumbe wako ninao hapa."

Titilia aliibana simu sikioni na kushikilia nguzo ya kengele ya kanisa. Kijiji kizima kilipata mtandao hapo tu kilimani, na hata hapo usiposimama upande wa kengele sauti hukatika.

"Ujumbe gani, Dokta Unaisi? Mimi sijaandika kitu."

"Ngoja nikusomee. 'Naomba nafasi yangu ya mafunzo ya kuzamia apewe mwingine. Ninaolewa. Asante.' Umetoka kwenye namba yako, Jumanne saa nne asubuhi."

Jumanne! Siku hiyo simu ilikuwa kwa akina Peceli, mpenzi wake, inachajiwa, maana wao ndio wenye sola inayofaa. Kumbe Peceli alipanda nayo kilimani, akamrudishia jioni akitabasamu, hata kioo amekipangusa.

"Dokta, nafasi imeshatolewa?"

"Bado. Jumatatu asubuhi namwita anayefuata. Huku mjini Suva tunataka watu wa kukaa chini ya maji na kuandika walichokiona, si watu wa kubembelezwa. Unakuja au huji?"

"Nakuja. Boti ni keshokutwa Jumamosi, saa tisa mchana. Nitakuwemo."

Alishuka kilima bila kuitikia salamu ya mtu.

Peceli alikuwa ameketi barazani, kifua wazi, anapaka mafuta ya nazi jino la nyangumi. Jino lenyewe rangi ya chai ya maziwa, na kamba mpya ya makumbi ameisuka mwenyewe siku tatu. Ndilo jino pekee lililobaki nyumbani mwao. Mengine yalitolewa yote kwenye msiba wa baba yao. Jumamosi lingepelekwa kwa baba yake Titilia kuposa, kama ilivyo desturi.

"Titi! Njoo uone linavyong'aa."

"Nani alimwandikia Dokta Unaisi?"

Mkono wa Peceli ulisimama.

"Nakuuliza, Peceli. Ni wewe?"

"Niliogopa, Titi."

"Uliogopa, ndiyo ukaniibia mdomo wangu?"

"Mtazame kaka pale!" Peceli alionyesha pembeni, ambako Isikeli, kaka yake mkubwa, alikuwa anamenya majimbi kwenye kiti chake cha magurudumu. "Miaka sita! Mimi ndiye ninayembeba kwenda kuoga. Alizamia kutafuta jongoo bahari, akarudi miguu imekufa. Unataka na wewe nikubebe?"

"Mimi naenda kufundishwa."

"Mama yako anavua, mama yangu anavua. Maji yakifika kiunoni wanarudi. Wamekosa nini?"

"Wamekosa kujua kilichopo kupita kiuno! Mama ananiambia zamani jongoo bahari ulikuwa unawakanyaga. Leo unatembea kutwa hupati hata watatu. Nani anajua wameishia wapi? Wewe unajua?"

"Basi chagua. Mimi au hilo tungi la hewa."

"Usiniulize hivyo."

"Nimeuliza."

"Tungi halijanidanganya."

Kisu cha Isikeli kilianguka ndani ya beseni, maji yakaruka.

"Peceli, usinifanye mimi fimbo ya kumchapia mtoto wa watu."

"Kaka, mimi nakutetea..."

"Nyamaza! Tajiri alinipa mpira wa kupumulia asubuhi, mchana nikawa chini. Hakuna aliyeniambia nipande polepole. Nilichomoka kama kizibo, damu ikajaa mapovu. Angekuwepo mtu mmoja tu anayejua kwenye ile boti, leo natembea. Huyu anataka kuwa mtu huyo, nawe unamfutia nafasi?"

Peceli aliinamisha kichwa. Titilia naye machozi yalikuwa karibu, lakini akayazuia.

"Jumamosi msije," alisema. "Mimi nafunga mizigo."

"Tutakuja, shemeji," Isikeli akajibu. "Boti saa tisa, sisi saa nne."

Jumamosi mama yake Titilia hakusikia la mtu. Nguruwe alishafukiwa kwenye mawe ya moto, majani ya majimbi yamefungwa na tui zito, mkeka mpya wenye nyuzi nyekundu umetandikwa.

"Mama, nimekwambia naondoka."

"Utaondoka umeshaposwa. Chana nywele."

Wageni wakaingia, wakaketi. Peceli alimshusha kaka yake kutoka kwenye kiti, akampanga miguu taratibu juu ya mkeka, mmoja halafu wa pili. Isikeli akalishika jino kwa mikono miwili.

"Mzee Aporosa," alimwambia baba yake Titilia, "magoti yangu hayapigiki tena, kwa hiyo unipokee nilivyokaa. Jino hili halijaja kuposa."

Mama akaachia kawa. "Halijaja nini?"

"Limekuja kuomba radhi. Mdogo wangu alichukua simu ya binti yako akajibu kwa niaba yake. Amemkosea yeye, amekukosea wewe."

Peceli aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Nisamehe, Baba. Nisamehe, Titi."

Mzee Aporosa hakunyoosha mkono. Alimgeukia bintiye, jambo ambalo wazee waliokaa pale walilitolea macho.

"Ni wewe uliyeibiwa. Nilipokee?"

Titilia alimtazama Peceli mgongoni, shati limelowa jasho.

"Lipokee, Baba."

Mzee akalipokea, wazee wakapiga makofi yale mazito ya viganja vilivyokunjwa, bakuli la kava, kinywaji chao cha mizizi, likazunguka.

"Na la kuposa?" mama alinong'ona kwa sauti ya kusikika na jirani.

"Hatuna jingine," Isikeli akasema.

Gatini Peceli alibeba begi, hakuliachia.

"Titi, sina jino tena."

"Litafute. Mafunzo ni miaka miwili."

"Utanisubiri?"

"Mimi nina kazi. Wewe ndiye wa kusubiri."

Tangu siku hiyo, kila jioni Peceli alipanda kilimani, akasimama upande wa kengele na kumwandikia Titilia.

"Umepanda polepole?"

"Polepole."

Siku nyingine hiyo tu, basi. Siku nyingine: "Leo tumehesabu jongoo bahari kumi na saba, mita kumi na mbili chini!" Naye anashuka mbio kumsomea kaka yake.

Miaka miwili ilipotimia, mkeka ulitandikwa tena. Jino jipya lilikuwa dogo, lakini kamba yake ilisukwa vizuri zaidi. Wazee waliketi, kava ikakorogwa, nguruwe akaanza kupoa. Titilia hayupo. Alikuwa na wenzake kwenye mwamba wa kijijini, chini ya maji, anahesabu jongoo bahari.

"Huyu binti gani anachelewa posa yake?" mama alifoka. "Peceli, nenda na boti, upige injini juu asikie apande upesi!"

Peceli hakuinuka.

"Hapana, Mama. Mwache apande polepole."