Hatua Aliyonifundisha Waisiko

Kila asubuhi nilifagia zizi, nikaoga, kisha nikamngoja Waisiko njiani twende shule. Tangu familia yetu ihame Sirari na kuja Kerende, yeye ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa kwanza. Kila siku alinimegea kiazi chake, nami nilimwamini kama ndugu wa tumbo moja.

Shule yetu ilikuwa na kundi la ngoma ya Kikurya, na mashindano ya wilaya yalikaribia. Wachezaji walivaa viatu vya mbao vyenye kimo cha tofali, wakakanyaga kwa kufuata litungu, ala ya nyuzi aliyoipiga Mwalimu Rubeni. Mimi niliyekulia Sirari, mpakani, nilijua kucheza muziki wa redio tu. Nilitamani mno kuingia kundini, lakini niliogopa kuanguka mbele ya watu.

"Usijali, Boke," alisema Waisiko, ambaye alicheza mstari wa nyuma. "Nitakufundisha kwetu, nyuma ya ghala. Hakuna atakayekuona."

Kwa wiki tatu alinipigia makofi nikacheza. Miguu ilivimba, nikaanguka hadi nikazoea. "Anza na mguu wa kushoto," alisisitiza. Nilipotaka kwenda kutazama mazoezi ya kundi, alinikataza. "Utachanganyikiwa bure," alisema, nami nikamtii.

Siku ya kuchagua wachezaji ilibaki nafasi moja tu ya mstari wa mbele. Nilijikaza, nikavaa viatu na kusimama na wenzangu. Litungu likalia. Mimi nikaanza na kushoto, mstari mzima ukaanza na kulia! Kiatu changu kiligonga cha Mwikwabe, mchezaji aliyekuwa kando yangu, tukaanguka wote wawili vumbini. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Nilimtafuta Waisiko kwa macho. Hakucheka wala hakushangaa, alitazama chini tu. Hapo ndipo nilipoelewa. Moyo uliniuma kuliko goti lililokuwa likitoka damu.

"Ulijua!" nilimlilia. "Viazi vyote vile, kumbe ulikuwa unanichimbia shimo!"

"Niliogopa utanipita," alijibu kwa sauti ndogo. "Nafasi ya mbele naitaka tangu darasa la tatu."

Mwalimu Rubeni aliweka litungu chini. "Waisiko, umemdanganya mtu aliyekuamini. Nafasi hiyo huipati." Kisha akanigeukia. "Na wewe Boke, aibu ndiyo iliyokupeleka kujifunza mafichoni. Ungekosea hapa mbele yetu siku ya kwanza, ningekurekebisha siku hiyo hiyo. Anayetaka kujua akubali kuonekana hajui. Kesho uje."

Nililia njia nzima, nikaapa sirudi. Kesho yake nikarudi. Nilianguka mara nne mbele ya kila mtu, na mara ya nne nilicheka mwenyewe. Mwikwabe aliniinua. Mwalimu alinifundisha kusikiliza uzi mnene wa litungu, kwa sababu huo ndio unaouita mguu. Baada ya siku kumi akanipa ile nafasi.

Siku ya mashindano Waisiko alisimama nyuma yangu. Alikuwa ameniomba radhi mbele ya darasa, nami nilikuwa nimemsamehe, ila kiazi chake bado kilikuwa hakinipiti kooni.

"Boke," alininong'oneza, "mguu wa kulia."

"Najua," nilimjibu bila kugeuka. "Nasikiliza litungu."