Mlango wa Chuma wa Kijani

Kila Jumapili, ikikaribia saa kumi alasiri, Bibi alikuwa akifuta meza, anafudikiza kikombe cha bati, kisha anaiegemeza simu kwenye kikombe hicho isije ikaanguka. Yeye na mjukuu wake wanakaa bega kwa bega, wanasubiri iite.

Mjukuu huyo aliitwa Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi iliyokuwa shavuni mwake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yake alikuwa na mwaka wa nne katika jiji kubwa la nchi nyingine, akifanya usafi kwenye jumba la makumbusho, na wala hakuwaficha kazi hiyo.

"Leo nimepiga deki ukumbi wa sanamu mpaka kiuno kimeniambia basi," alikuwa akisema huku akicheka.

"Pole, mwanangu. Hebu nione mikono," Bibi anamwambia. Mama anaisogeza mikono karibu na simu, nao wanaona vidole vilivyobabuka kwa dawa za kusafishia.

Aliyeficha alikuwa Kidoti. Alipokuwa darasa la tano waliambiwa waandike insha juu ya kazi ya mzazi. Yeye akaandika kwamba mama yake ni mkuu wa jumba la makumbusho na ana ofisi yenye zulia. Mwalimu aliisoma insha ile mbele ya darasa, watoto wakapiga makofi. Ilikuwa sentensi moja tu, lakini makofi yale yaliifanya igome kufutika. Kila muhula ilibidi aiongezee kitu. Mara zulia likawa jekundu, mara akapatikana dereva.

Rafiki yake mkubwa, aliyempata shuleni Mama akiwa ameshaondoka, aliitwa Redio, kwa kuwa hakuna aliyejua pa kumzimia. Mama yake Redio alikuwa fundi wa cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Siku moja Fundi alikata uzi kwa meno, akatangaza jambo.

"Miaka ishirini nashona nguo za safari za watu. Wanakuja hapa mbio, 'Fundi, fanya haraka, naondoka kesho!' Mimi sijawahi kufunga hata mfuko wangu. Safari hii naondoka mimi. Siku nne, kwa basi, kutalii kama wao. Redio atakuja, na Kidoti namchukua akamwone mama yake."

Kidoti aliruka kwa furaha. Lakini kabla hajafika kwao, alilikumbuka lile zulia jekundu, akapunguza mwendo.

Mama ndiye aliyeipanga safari nzima kupitia simu, kwa kuwa miaka minne alikuwa amelitembea jiji lile kwa miguu na alijua kila kisichotozwa kiingilio. Aliwatajia nyumba ya wageni ya bei nafuu, bomba la maji safi karibu na kituo cha treni, na upande wa daraja ambao mtu huona mto wote bila kulipa. Hayo yote Kidoti aliyaandika kwenye daftari.

"Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwetu watu huingia bure," Mama alisema. "Zungukeni asubuhi. Saa saba mchana mje mlango wa nyuma, ule wa chuma wa kijani. Nimebadilishana zamu na mwenzangu. Mchana wote ni wetu, mwanangu. Wote!"

"Sawa, mama," Kidoti alijibu.

Alimfikishia Fundi kila kitu kilichoandikwa daftarini, isipokuwa mlango wa kijani. Na walipokwisha kugongewa mihuri mpakani, alisema neno alilokuwa amelifanyia mazoezi tangu wiki iliyopita.

"Anti, mama ametumwa mkutanoni, mji mwingine. Hatutamkuta."

Fundi alimgeukia. "Wamemtuma siku mwanawe anasafiri kwa muda wa saa kumi na moja kumfuata? Hao mabosi wake wana watoto kweli?"

"Mama, wakubwa ndivyo walivyo," Redio aliingilia. "Hawana nafasi. Kidoti, na lile gari je? Dereva amelala au naye yuko mkutanoni?"

Kidoti alijifanya amesinzia.

Nyumba ya wageni ilikuwa kama ilivyoelezwa: chumba chembamba, vitanda vya kupandana, bomba linalopiga mluzi ukilifungua. Walikula mkate na mayai waliyochemsha nyumbani. Walitembea kwa miguu mpaka kisigino cha Redio kikachubuka. Mnara mrefu waliutazama kutoka chini, maana kupanda kulikuwa na bei yake. Pale chini Fundi alisoma maandishi yaliyochongwa ukutani, kando ya picha ya mtu aliyevaa glavu.

"'Mnara huu ulijengwa na Mheshimiwa fulani.' Peke yake?" aliuliza kwa sauti, watu wakageuka. "Matofali aliyabeba kwa mkono gani, na hizo glavu zake kwenye picha?"

Redio alicheka mpaka akakaa chini. Kidoti naye alicheka, lakini kicheko hakikushuka tumboni.

Jumamosi asubuhi waliingia kwenye jumba la makumbusho kwa mlango wa mbele, wenye ngazi pana na nguzo. Ndani, kila kitu kilikuwa na kibao chake: hiki ni kitu gani, cha mwaka gani, kilitolewa na nani. Mwanamume aliyevaa tai aliwaongoza wageni. Walipofika ukumbi wa sanamu alinyoosha mkono kuionyesha sakafu.

"Marumaru hii ina miaka mia moja na hamsini," alisema kwa majivuno, "na bado inang'aa kama siku ilipotandikwa."

"Anaing'arisha nani?" Fundi aliuliza.

Mwongozaji alitabasamu kidogo. "Wapo watu, mama. Tuendelee upande huu."

Fundi alibaki nyuma akisoma kibao. Redio, ambaye hakuwa na subira na vibao, alimvuta Kidoti mkono wakapita kati ya sanamu mbili. Nyuma ya sanamu kubwa kulikuwa na ndoo ya manjano, na kando yake mwanamke aliyepiga magoti akikwangua kitu kilichoganda sakafuni. Redio aliikumba ndoo kwa goti, maji yakamwagika.

"He! Na wewe, si uweke ndoo yako mbali na watu!" Redio alifoka. "Tungevunjika shingo hapa!"

Mwanamke aliinua uso. Alikuwa Mama. Alivaa koti la buluu la kazi, kitambaa kichwani, miwani imeteremkia puani. Alimwona Kidoti, na uso wake wote ukafunguka kama dirisha.

"Kido..." alianza, akiinuka na kujifuta mikono kwenye koti.

Kidoti aliinama. Alianza kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa vizuri.

"Anakujua?" Redio alimnong'oneza.

"Simjui," Kidoti alisema. Hakunong'ona.

Ukumbi ule ulikuwa wa mawe matupu, sauti ilisafiri. Mama alisimama na kitambaa kinachodondosha maji mkononi. Alimtazama Redio, akalitazama lile koti lake la buluu, na akaelewa. Kisha akasema polepole:

"Samahani, binti. Nimekufananisha."

Akapiga magoti tena, akaanza kukausha maji yaliyomwagika. Fundi alipofika aliona mgongo tu. Kidoti alikuwa amekwisha kutoka mbio, akisema tumbo linamsokota. Saa saba mchana iliwakuta darajani. Redio alihesabu mashua. Kidoti aliitazama saa ya kituo cha treni, iliyoonekana vizuri sana kutoka pale, na kila mshale wake uliposogea alihisi anaweza bado kukimbia. Hakukimbia. Ikapita saa nane, ikapita saa tisa.

Jioni walipokuwa chumbani, simu ya Fundi iliita. Alikuwa Bibi. Fundi alisikiliza, akakunja uso, akasema tu, "Ndiyo, mama. Ndiyo. Nitakupigia." Alipoikata, alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Kidoti, njoo hapa. Bibi yako anauliza kwa nini hatukwenda kwenye mlango wa kijani. Anasema mama yako amekaa pale tangu saa saba, na mikate mitatu aliyoifunga kwenye karatasi, mpaka mlinzi alipofunga geti. Mlango gani huo? Na mkutano ule je?"

Kidoti alifungua mdomo atafute uongo mwingine, akakuta umekwisha. Akalia. Akasema yote: insha, zulia, dereva, na neno alilosema ukumbini.

Bomba lilidondosha maji, tone baada ya tone.

"Kumbe niliyemfokea ni mama yako," hatimaye Redio alisema. "Nimemfokea mama yako, na wewe umesimama hapo."

"Hata angekuwa mama wa nani!" Fundi alimkata. "Na wewe yako nitayashughulikia." Kisha akamgeukia Kidoti, na sauti yake ilikuwa kali, ingawa ukali ule ulionekana unatafuta mtu mwingine. "Sikiliza. Kabla ya cherehani yangu, nilikuwa kiwandani. Siku moja mwenye kiwanda alileta wageni. Akawaonyesha mashine moja moja, jina lake, mwaka wake, bei yake. Sisi wanawake mia mbili tuliokuwa nyuma ya mashine zile hakututaja hata kwa 'na hawa'. Ni miaka ishirini na miwili sasa, na bado naikumbuka rangi ya viatu vyake. Yule nilimchukia, lakini hakuniliza. Hakuwa mtoto wangu."

Kidoti alijifunika uso.

"Basi letu linaondoka kesho saa mbili asubuhi," Fundi alisema. "Bibi amesema mama yako anaingia kazini saa kumi na mbili. Tutakuwa mlangoni."

Asubuhi mlango wa chuma ulikuwa na baridi ya kuuma. Mlinzi aliwatazama kupitia dirisha dogo. "Leo hakuna wageni mpaka saa nne. Mnamtaka nani?"

Fundi alimwachia Kidoti ajibu. Redio naye, kwa mara ya kwanza, alinyamaza kwa hiari yake. Kidoti alisogea mbele.

"Namtaka mama yangu," alisema. "Ndiye anayesafisha ukumbi wa sanamu."

Mlinzi aliitazama ile alama ya shavuni mwake. "Ahaa. Wewe ndiye yule aliyekuwa akisubiriwa jana." Akafungua. "Dakika kumi. Msimamizi akija, sijawaona."

Mama alikuwa ukumbini akivaa glavu. Kidoti alikimbia juu ya marumaru, akamkumbatia kiunoni, uso ndani ya koti la buluu lenye harufu ya sabuni.

"Nisamehe, mama. Nilisema sikujui."

"Nilisikia." Mama alimshika kichwa. "Iliniuma, sitakudanganya. Nimelala nayo. Lakini na mimi nina kosa langu. Niliposema nimekufananisha, nilikusaidia kusema uongo. Nilikubali kwamba kazi hii ni ya kufichwa. Kazi hii ndiyo imenunua daftari uliloandikia ile insha. Haifichwi."

Redio alisogea, macho chini. "Naomba unisamehe, anti. Kwa yale ya ndoo."

"Ndoo haina neno. Sauti ndiyo iliyokuwa na neno." Kisha Mama akatabasamu kidogo. "Kumbe wewe ndiye Redio. Jana nilikusikia vizuri sana."

Kidoti alichukua kitambaa, akapiga magoti kando ya mama yake. Walisugua pamoja kipande cha sakafu kisichozidi upana wa meza. "Mama, leo mchana..." alianza.

"Leo hapana, mwanangu. Mchana wa jana niliubadilisha kwa Jumapili mbili. Hii ni ya kwanza."

Mlinzi alikohoa mlangoni. Dakika kumi zilikuwa zimekwisha.

Ndani ya basi, Fundi alimketisha Kidoti karibu na dirisha. Jiji lilipoanza kurudi nyuma, alisema, safari hii kwa upole:

"Aibu ile hukuzaliwa nayo. Ulipewa na watu wanaotaka sakafu safi lakini hawataki kumwona anayeisafisha. Wewe ukaipokea, ukaifanyia kazi bure. Mtu asikutie aibu kwa kazi ya halali, na wewe usimtie mtu aibu. Uongo wa mwizi huiba mali. Wako umeiba mchana mmoja wa mama yako, na huo siwezi kukushonea mwingine."

Jumatatu Kidoti aliomba ruhusa kwa mwalimu, akasimama mbele ya darasa na kusoma insha mpya. Haikuwa na zulia. Hakuna aliyepiga makofi, na wawili wa nyuma walicheka, mpaka Redio alipowageukia. Mwalimu aliichukua, akaibandika ukutani.

Jumapili saa kumi Bibi alikifudikiza kikombe. Mama alipotokea kwenye simu, bado amevaa koti la kazi kwa ile Jumapili ya pili, Kidoti alimwomba aonyeshe mikono, akaitazama kwa muda mrefu. Mkataba wa mama ulikuwa na miaka miwili mbele. Walizungumza vizuri, wakacheka, na hakuna aliyeitaja Jumamosi ile. Lakini simu ilipokatika, Kidoti aliitazama saa ya ukutani, akahesabu kimoyomoyo kuanzia saa saba mpaka jioni, kama alivyokuwa akifanya kila siku tangu waliporudi.