Kofia Iliyopakwa Samli

Asubuhi hiyo, kofia moja ya chuma ililowa jasho kwa ndani.

Nkwabi aliipangusa akidhani bati linavuja, wakati mtaani kwao Mabatini mvua ilikuwa haijaonekana wiki nzima. Ndiyo akili ya Nkwabi. Wenzake walikimbilia mitumba na minofu ya sangara, yeye akakimbilia kofia za vita vya Kagera, nyingine akizinunua kwa watu waliozigeuza vyombo vya kunyweshea kuku. Zote alizipaka grisi zisishike kutu. Kwa hii, ya askari wa upande wa adui, grisi ilikuwa imemwishia, akachota samli ya mkewe.

Mkewe, Dorotea, alikuwa ndiyo kwanza amejifungua. Tangu kofia ipakwe samli, mtoto hakunyamaza. Nyumba ilinuka jasho na nywele zilizoungua, na ukanda wa kofia ukawa unagonga rafu wenyewe, ko, ko. Mchana Dorotea alimbeba mtoto akimbilie kwao. Kwenye kizingiti, mtoto akakata pumzi. Akarudi naye ndani mbio, kilio kikaanza upya.

"Nkwabi," alinong'ona, "hatutoki humu."

Wakamwita Bibi Kashindye, mganga. Aliinusa kofia bila kuigusa.

"Shikamoo, bibi," Nkwabi alisema.

"Marahaba. Nani kaipaka samli?"

"Mimi. Nilitaka kuitunza tu."

"Kwetu hupakwa samli vitu vya wazee wa ukoo, wewe hujui? Umemfanya mwenye kofia hii babu yenu. Sasa anataka mtoto aitwe jina lake."

"Mtoe, bibi!"

"Babu hafukuzwi kwake. Mwiteni mtoto jina hilo. Mimi silijui."

Wakataja majina hadi sauti zikawakauka, mtoto akilia, ukanda ukigonga, ile harufu ikiwakaba koo, mpaka Nkwabi akapiga magoti mbele ya rafu akiomba msamaha, na katikati ya maombi mdomo wake ukatamka jina la lugha ambayo hakuwahi kujifunza.

Mtoto akanyamaza.

Dorotea alilia kwa furaha. Akavuka kizingiti hadi juani, mtoto anapumua.

"Twende kwa bibi yako, Revocatus wangu," akasema, maana hilo ndilo jina walilokuwa wamemchagulia.

Mtoto akakata pumzi.

"Mwite lile!" Nkwabi alipiga kelele.

Dorotea akaliita lile jina, machozi yakimtoka. Mtoto akavuta pumzi, akafumbua macho. Na ndani, rafuni, sauti nzito ya mwanamume ikaitika.