Jino la Perrine

Mimi si mtu wa kuamini mizuka. Kazi yangu ni kusugua pembe za ndovu hapa Dieppe, Ufaransa, na nimezoea kuamini ninachokishika. Sasa lililompata mtoto wa kaka yangu nimelishika kwa mkono huu huu.

Ilikuwa Jumatatu, tunakula samaki na mkate. Mchuuzi mmoja wa Rouen akaleta kibao cha sala cha pembe, cha zamani sana. Kilikuwa nusu tu, kama jalada moja la kitabu. Nusu ya pili ilishapotelea huko duniani. Bikira Maria aliyechongwa juu yake hakuwa na uso. Watu walimbusu kwa mamia ya miaka mpaka pua na midomo vikalika, pakabaki laini kama kipande cha sabuni.

"Mrudishieni uso," mchuuzi akasema. "Hivi hanunuliki."

Kaka yangu Anthime, ndiye mchongaji, alihitaji kiraka cha pua, kiasi cha punje ya mchele. Pembe mpya ni nyeupe mno, ingejionyesha. Nikamwona anapapasa chini ya mto wa Perrine, binti yake wa miaka sita, aliyeficha jino lake la utoto humo ili panya alichukue.

"Anthime, hilo ni la mtoto."

"Panya ana meno yake, dada. Wewe sugua."

Nikasugua. Mungu anisamehe, nilisugua mimi. Uso ukapendeza, kibao kikaenda zake.

Wiki ya tatu nilikuwa mlangoni na Perrine, tunamenya njegere, jua linawaka. Akajifuta pua.

"Shangazi, nani ananibusu?"

"Hakuna mtu, mama."

"Ana ndevu."

Nikamgusa pua. Ilikuwa imelowa mate.

Mwanzoni ilikuwa Jumapili tu. Baadaye kila siku. Tulimfunga shela usoni. Mate yakaja chini ya shela. Anthime akakimbilia Rouen. Mchuuzi alishauza kibao, kimevuka bahari, kwa nani hakumbuki. Kaka yangu bado anazunguka miji. Amerudi na vibao vinne. Hakuna chenye jino la Perrine, tukaviuza tena.

Sasa Perrine ana miaka kumi na moja. Ncha ya pua haipo. Midomo imeanza kufutika. Haumwi. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

"Wananong'ona kabla ya kubusu," aliniambia jana, polepole. "Leo mama mmoja kaniomba mwanawe apone."

"Ukamjibu nini?"

"Hanisikii, shangazi."

Nilitoka nje nikalia.

Karakana tuliifunga miaka mitatu iliyopita. Nyumbani hamna pembe hata kipande. Lakini kila asubuhi nikimwosha uso, kitambaa kinatoka na unga mweupe, mwembamba, ule ule wa pembe nilizosugua maisha yangu yote.